Zile M Zilizogoma

Krrr-krrr. Kimya. Krrr-krrr. Kimya tena.

Tulikuwa gizani sebuleni, mimi, mama mkwe wangu na mtoto. Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa, umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na mimi nilikuwa namenya ming'oko ya kuchemsha, mizizi yetu ya porini, kwa kupapasa, nikimwekea mtoto kiganjani kipande kimoja kimoja.

"Panya huyo," alisema mama mkwe. "Kaingia kwenye unga wa muhogo. Mama Sachi, ndoo hukuifunika?"

"Nimeifunika, mama."

"Basi panya wa mtaa huu wa Chikongola siku hizi wanafunua."

Krrr-krrr. Sauti haikutoka jikoni, ilitoka kwenye meza ya pembeni. Nikainuka, kanga ikanasa kwenye mguu wa kiti, na kabla sijafika mwanga wa buluu ukatumwagikia usoni wote watatu. Kumbe umeme ulikuwa umerudi kitambo, balbu yetu ndiyo iliyoungua. Kompyuta ilikuwa imeamka yenyewe na kuanza kuitafuna ile sidii aliyoiacha fundi Erasto tumboni mwake.

"Iambie iache kututazama," alisema mama mkwe, akijifunika mtandio.

Maneno meupe yalikuwa yanakimbia kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Nilisoma Kiingereza cha darasa la jioni, lakini kile hakikuwa cha darasa lolote. Niliyatazama yanavyopita nikatamani moja lisimame walau kidogo, niliulize: hivi nyie mtanisaidia nijue kama Somo ni mzima?

Maana habari hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Hatukuwa na shida na kompyuta sisi.

Somo alikuwa mwalimu Mjapani, Sachiko, aliyekuja Mtwara kujitolea. Alitufundisha hesabu na kompyuta kwenye masomo ya jioni, sisi tulioacha shule njiani. Mimi niliachia kidato cha pili, nikarudi nikiwa mke wa mtu na tumbo mbele. Jioni moja uchungu ukanishika katikati ya hesabu za mafungu. Hassani, mume wangu, alikuwa Nanyamba na lori, msimu wa korosho. Mwalimu Sachiko alitoka mbio barabarani, akasimama katikati ya njia na kunyoosha mikono, akalisimamisha gari la korosho. Dereva alipobisha akamwambia kwa Kiswahili chake cha wakati ule, "Wewe zima injini ya mdomo, washa ya gari!" Nililazwa juu ya magunia, kichwa changu mapajani mwake, mpaka hospitali. Mtoto alipotoka nikasema ataitwa Sachiko.

"Jina gani hilo," mama mkwe aliuliza, "kama mtu anapiga chafya?" Lakini mgeni alikuja na doti ya kanga, akakaa mkekani, akambeba mtoto, akamwambia mama mkwe, "Shikamoo bibi, huyu ni mimi mdogo." Mama mkwe akayeyuka. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuitwa Mwalimu tena. Aliitwa Somo, kwa sababu watu wawili wa jina moja ni masomo, na somo hatupwi. Mmoja akiugua, mwenzie lazima amjulie hali. Hata akiwa ndio kwanza anaota meno.

Alipoondoka alituachia kompyuta yake. Akawa anaandika kila mwezi, kwa Kiswahili, nami nakwenda kusoma kwenye intaneti ya Sudi, karibu na soko. Halafu ikapita miezi miwili bila barua. Halafu ikaja moja, kutoka anwani yake ileile, na haikuwa na neno hata moja. Vijisanduku vitupu, mstari baada ya mstari, vimepangwa kama matofali ya mtu anayejenga.

"Sudi, hii nini?"

Sudi aliinama akatazama. "Dada, umetumiwa masanduku."

"Yana nini ndani?"

"Mimi nauza dakika tu, dada Nuru. Ya ndani sijui."

Mama mkwe ana desturi yake. Kila baada ya magharibi huomba dua, na huwataja watu: kwanza walio hai, kisha waliotangulia. Somo si Mwislamu, lakini mama mkwe alimtia kwenye walio hai tangu siku ya kanga, akisema Mungu mwenyewe atajua pa kumweka. Nilipomweleza habari ya masanduku, jioni ile alifika kwenye jina la Somo akanyamaza. Akanigeukia.

"Sasa nimtaje huku au kule?"

Tangu hapo kila magharibi alifika palepale akanyamaza, na mtoto, ambaye alikuwa na miaka minne na anajua vizuri kwamba pale ndipo jina lake linapotajwa, alikuwa anasubiri, halafu ananitazama mimi.

Ndipo nikamfuata Erasto.

Erasto alikuwa fundi wa kompyuta pale kituo cha masomo ya jioni, kijana wa Bukoba mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Alisikiliza, akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha.

"Kompyuta za Sudi hazina herufi za Kijapani, dada Nuru. Barua imeandikwa Kijapani. Kompyuta ikikutana na herufi isiyo nayo inachora kisanduku, basi. Sasa nina kitu. Kuna Linux mpya, programu ya kuendeshea kompyuta nzima, toleo la majaribio, jamaa yangu wa Dar kanitumia sidii. Humo kuna herufi za dunia nzima. Tena nilikuwa natafuta mtu wa kuijaribu."

"Majaribio maana yake nini?"

"Haijatoka rasmi. Sisi tunaitumia kwanza, tukiona kasoro tunawaandikia, wanatengeneza. Kama mpishi anavyomwonjesha mtu chumvi kabla ya kupakua."

Alipokuja nyumbani na sidii yake, mama mkwe alimpokea mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba. Nasikia unamletea mkwe wangu kitu kibovu."

"Si kibovu, mama. Ni kibichi tu."

"Mhaya wewe, unatuletea mbichi nyumbani kwetu?"

"Kwetu ndizi mbichi ndiyo inayopikwa, mama."

Mama mkwe alicheka mpaka akamkaribisha chai. Lakini hata chai haijapoa umeme ukakatika, Erasto akaondoka akisema, "Ukirudi msiguse kitu," na ndivyo tulivyokuja kukaa gizani na yule panya wetu wa buluu.

Kesho yake jioni Erasto alirudi kumalizia. Ile Linux ilikuwa mbichi kweli. Mshale wa kwenye kioo ulikuwa unapotea, ukiutafuta unaukuta umejificha pembeni. Saa ilisema ni alfajiri. Mara kila kitu kiliganda, Erasto akazima na kuwasha, akaniambia, "Andika: imeganda mara moja." Nami nikafurahi kwa siri, maana ilikuwa mara ya kwanza maishani mtu kunitaka niandike kosa ambalo si langu.

Kisha akachomeka flashi niliyohifadhia ile barua. Akabonyeza. Vijisanduku vikafunguka.

Sijui niseme vipi. Vilifunguka vyote kwa pamoja, na ndani mlikuwa na alama nzuri ajabu, nyingine nyepesi kama nyuzi za ukindu, nyingine zimejaa vijiti kama tenga la kuku. Mama mkwe alisogea na miwani yake. Mtoto alipanda kitini.

"Haya," nikasema. "Sasa inasemaje?"

Erasto alijikuna shingo. "Sasa unaziona."

"Naziona. Inasemaje?"

"Dada Nuru, mimi nilisema utaziona."

Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria hatua inayofuata. Juzi nilikuwa na masanduku yanayofanana, leo nina michoro isiyofanana, na Somo wangu yuko palepale, si huku wala kule.

"Nyie wasomi," alisema mama mkwe, akivua miwani. "Mmevunja kufuli mkakuta mlango mwingine."

Labda kwa kuona aibu, Erasto akaanza kunionyesha kitu cha pili. Alichukua kama saa nzima kukiweka, mara kinakataa, mara kinakubali halafu kinasahau kwamba kilikubali. Mwisho akasema, "Ona. Ukibonyeza hivi viwili pamoja, hapa chini kapicha kanabadilika. Kakibadilika tu, unaandika Kijapani. Ukibonyeza tena unarudi kwenye herufi zetu. Jaribu jina la mtoto."

Nikaandika s-a-c-h-i-k-o, herufi zetu zilezile za kila siku. Chini ya vidole vyangu zikageuka. Zikawa alama tatu: mbili za mwanzo zinatazamana kama watu wawili wanaoteta, ya tatu vijistari viwili vimelala kimoja juu ya kingine.

"Wewe huyo," nikamwambia mtoto.

Akagusa kioo kwa kidole chenye mafuta ya ming'oko. "Mimi mfupi," akasema, akaridhika.

Simu ya Erasto ikaita. Alikuwa anatakiwa Masasi kwenda kufunga mashine, ataondoka alfajiri na atakaa huko siku kadhaa. Alikusanya nyaya zake haraka haraka, akaniachia neno moja tu: "Endelea kujaribu, ukiona kasoro uziweke kichwani."

Alipoondoka nilizitafuta zile alama tatu kwenye barua. Nilianza juu mpaka chini, kidole kwa kidole. Jina la mtoto wangu, jina la Somo, halikuwemo. Barua imetoka kwake na yeye hayumo. Sikumwambia mama mkwe. Lakini nilichanganyikiwa, nikalala na kuamka na swali hilohilo: mtu anawezaje kuandika barua na jina lake lisiwemo, isipokuwa kama si yeye anayeandika?

Jioni iliyofuata nilikata shauri. Kama siwezi kusoma, nitaandika. Mashine inajua Kijapani, nimeiona kwa macho yangu ikimgeuza mtoto. Nitaiambia kwa Kiswahili, yenyewe itageuza, na aliyeko upande wa pili, awe nani, atanielewa na kunijibu.

"Anza na salamu," alisema mama mkwe. Alikuwa amekaa pembeni yangu wima kama aliyekwenda kupigwa picha. "Usianze na shida."

Nikabonyeza vile viwili, kapicha kakabadilika, nikaanza. Shikamoo. Ikageuka yote, safi. Habari za huko. Safi. Sisi tupo salama. Safi kabisa. Tunakufikiria. Nilidhani neno refu namna ile lingeishinda, lakini lilipita bila kukwaruza. Nilijiona mimi Nuru, niliyeachia kidato cha pili, naongea na Japani nikiwa nimevaa kanga kuukuu.

Tatizo lilikuwa moja, na lingine dogo. Dogo ni kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi. Nikikibonyeza, neno lililokwisha kugeuka linajikunja tena na kuwa lile tenga la kuku, nikibonyeza tena tenga linakuwa jingine, na mimi nitajuaje lipi la kweli? Nikaamua kutokibonyeza kabisa. Maneno yakakaa yamegandana, mwanzo mpaka mwisho, bila pumzi.

Kubwa lilikuwa m. Nilipoandika mtoto, sehemu ya nyuma iligeuka, m ikabaki m yetu, imesimama peke yake katikati ya Wajapani. Nikafuta, nikarudia. Ikagoma. Nikaandika mgonjwa. Ikagoma. Mwaka. Ikagoma. Mtwara ilitoka nusu mtu nusu samaki. Nikafika pa mama mkwe, Mwanakombo, na hapo m zikagoma mbili kwa mpigo.

"Limetoka?" akauliza.

"Jina lako hailijui vizuri, mama."

"Hainijui mimi? Mtu wa Mikindani? Wazee wangu wamepokea watu wa kila taifa pale, hakuna aliyeshindwa kuniita!" Akaikemea kompyuta, "Mwa-na-ko-mbo!"

Kompyuta haikujali. Nikaziacha zile m kama zilivyo, nikaziweka kichwani kwa ajili ya Erasto. Barua ilipokwisha ilikuwa imesema hivi: kwamba mimi ni Nuru, na bibi anasalimia; kwamba tumepata barua lakini hatujui kuisoma; kwamba mtoto ana miaka minne sasa, anapenda ming'oko na haogopi paka; kwamba kila magharibi tunaomba dua na tunafika kwenye jina la Somo tunanyamaza kwa sababu hatujui; kwamba tafadhali, yeyote unayesoma, tuambie, Somo wetu yuko wapi, na kama ni mgonjwa anaumwa nini.

Kwa Sudi nikaiambatisha. Alifungua kuhakikisha, na kwenye kioo chake maneno yangu yote matamu yakawa vijisanduku.

"Dada! Na wewe unawatumia masanduku?"

"Tuma tu."

"Yamejaa au matupu?"

"Yamejaa, Sudi," nikasema, na nilikuwa na hakika.

Hakika yangu ilidumu mpaka Erasto aliporudi kutoka Masasi. Alikuja na embe kwa ajili ya mtoto, akakaa, akaniambia niseme kasoro. Nikamwambia ya saa, ya mshale. Kisha nikasema kwa fahari kidogo, kama mwanafunzi aliyehifadhi jibu la mwisho, "Na kuna maneno haijui Kijapani chake. Inajua mengi sana, lakini mtoto haijui, mgonjwa haijui, mwaka haijui."

Erasto alikuwa anatafuna embe. Akaacha kutafuna.

"Inajua 'habari'?"

"Inajua."

"'Tunakufikiria' inajua, 'mtoto' haijui?"

"Ndiyo."

"Dada Nuru, hebu andika kitu kisicho na maana. Chochote kinachokujia mdomoni."

Nikaandika patakupataku. Likageuka zima, safi, bila kukwama.

Tukalitazama. Mama mkwe akalitazama. "Patakupataku kwa Kijapani ndiyo hivyo?" akauliza.

"Haitafsiri," Erasto akasema polepole, kama anayemtoa mtu mwiba. "Kosa langu, sikukueleza. Inachukua sauti tu, inaziandika kwa alama zao. Unasema ka, inaandika ka. Mwingereza angekwama kwenye neno la kwanza, akajua. Lakini sisi maneno yetu yanakwenda ba-be-bi-bo-bu, na yao vilevile, kwa hiyo tunapita moja kwa moja kama mtu anayepita mlango uliokuwa wazi, tunadhani tumeshaingia. M ikikosa irabu nyuma yake ndiyo inagonga mwamba."

"Kwa hiyo ile barua..."

"Umeshaituma?"

Nikaanza kulifuta patakupataku, alama moja moja. Alielewa.

"Anayejua Kijapani akiisoma," nikauliza, "ataona nini?"

"Ataisoma vizuri tu. Atatoa sauti ya Kiswahili. Hatajua anasema nini."

Mama mkwe alishusha pumzi ndefu. "Yaani nimemsalimia mtu wa watu kwa makelele." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliniuma. Magharibi ile alifika pa Somo, akanyamaza, akaruka.

Nilitaka kuandika tena, lakini kwa lugha gani? Kiingereza changu kingeomba samahani tu na kuishia hapo. Na kila nilipomfikiria huyo mtu wa upande wa pili nilichoka. Nilimwona mama mtu mzima, sijui kwa nini nilimwona mama, ameshika karatasi iliyojaa sauti zisizo na kichwa wala miguu, labda akiwa msibani, akidhani anadhihakiwa. Nilipita kwa Sudi siku mbili tatu bila kuingia. Mtoto aliniuliza kama Somo amejibu, nikasema bado yuko njiani, na sikujua nani hasa niliyesema yuko njiani.

Siku moja Sudi mwenyewe alinipigia kelele kutoka mlangoni, nikiwa natoka sokoni na dagaa.

"Mama Sachi! Masanduku yako yamejibiwa!"

Niliingia na dagaa zangu. Ilikuwa kweli. Vijisanduku, mistari mingi, vimegandana bila nafasi, mwanzo mpaka mwisho. Nikataka kumwambia azime. Halafu nikaona.

Katikati ya vijisanduku kulikuwa na m.

M yetu. Moja hapa, mbele kidogo nyingine, chini mbili. Kwenye ile barua ya kwanza hazikuwemo, nilishaikagua kidole kwa kidole. Hakuna Mjapani atakayehitaji kuziacha m zikiwa zimesimama peke yake namna ile, isipokuwa kama naye vidole vyake vimegongana na mtoto, na mgonjwa, na Mwanakombo.

"Sudi, nipe kwenye flashi. Upesi."

"Mbona unalia?"

"Silii. Dagaa hizi."

Nyumbani umeme ulikuwepo. Kompyuta ikaunguruma krrr-krrr, nikaihimiza kama punda. Mama mkwe alikuwa ndio kwanza amemaliza kuswali, tasbihi mkononi, akasogea na mswala wake. Mtoto akapanda mapajani mwangu. Nikafungua barua upande mmoja wa kioo, na upande mwingine nikafungua ukurasa mweupe, nikabonyeza vile viwili.

Njia nilikuwa nimeipata njiani nikitembea. Kama mashine inageuza sauti kuwa alama, basi mimi nitageuza alama kuwa sauti. Nikaandika ba, nikaitazama alama yake, nikaitafuta kwenye barua. Be. Bi. Mara ngapi nilirudi nyuma sijui. Alama nyingine zilifanana kama ndugu, nikazichanganya. Ya shi ilikuwa ndoano tupu. Ya mo ilikuwa ndoano hiyohiyo, imekatwa na vijiti viwili. Mtoto naye alikuwa anafanya kazi yake, anatafuta zake tatu, na mara akapiga kelele.

"Mimi huyu hapa! Mama, mimi mfupi nipo!"

Alikuwepo kweli. Wawili wanaoteta, na vijistari viwili. Safari hii jina lilikuwemo, mwanzoni kabisa.

"Endelea," alisema mama mkwe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikaanza kutamka kila alama niliyoijua, kwa sauti, maana sikuwa na namna nyingine ya kuishika. "Shi. Ka. Mo. O. Bi. Bi."

"Marahaba," alijibu mama mkwe palepale, halafu akajishika mdomo.

"Ma. Ma. Ya. N. Gu. A. Na. A. N. Di. Ka." Nilikuwa natoka jasho. Nikikimbilia maana, alama zinanipotea, nikishika alama, maana inapotea. Nikaamua kuachana na maana. Nikawa kama mtu anayechota maji na ndoo ndogo kuyamimina kwa mwingine, bila kujua pipa limefika wapi. "Ha. E. Re. Wi. A. Ri. So. Ma. Ba. Ru. A. Kwa. Sa. U. Ti."

"Arisoma," alisema mama mkwe. "Anasema kama wifi zangu wa Newala. Alisoma barua kwa sauti. Nani alisoma?"

"Sijui, mama, usinisemeshe, nitapotea. Mi. Mi. Ni. Ka. Si. Ki. A. Ni. Ka. Che. Ka. Ni. Ka. Ri. A."

Mtoto alikuwa ameacha kutazama kioo. Alinitazama mdomo, kama anavyomtazama bibi yake akisimulia hadithi. Nilifika kwenye alama iliyoanza na ile ya pili ya jina lake, yule mmoja wa wanaoteta, imefuatwa na kitu kidogo kama kinda, sikuwahi kukiona. Nikakitafuta kwa kuandika ya, yu, yo. "Ma. Chi. Yo."

"Machiyo?" mama mkwe alishtuka. "Machiyo ni nani? Ndugu yake?"

"Sijui."

"Ndiye aliyefariki?"

"Mama, sijui! Ma. Chi. Yo. Ha. Ya. U. Mi. Te. Na."

Nikasimama. Ukurasa ulikuwa bado haujafika nusu. M moja iliyogoma ilikuwa inanisubiri mstari wa chini. Mama mkwe alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi, kidole kimeshika punje moja, macho yake kwangu, na nilijua anataka kuniuliza lile swali lake la kila magharibi na anaogopa. Nami nilikuwa na sauti zote mdomoni, na sina hata neno.

Mtoto akatelemka mapajani mwangu, akaenda kukaa kwenye mswala, akamwegemea bibi yake.

"Bibi," akasema, "Somo hajafa, alikuwa anaumwa macho, sasa hayaumi tena."